Mimba zangu mbili, vidonge vya sonona na moyo wa mtoto

Watu wakiwatazama wanangu wawili hupiga hesabu haraka. Wa kwanza, mimba yake niliacha dawa za sonona, na moyo wake ni mzima. Wa pili, mimba yake nilimeza kidonge kila asubuhi hadi uchungu uliponishika, na akazaliwa na tundu kwenye moyo. Kesi imekwisha. Shangazi yangu aliitoa hukumu hiyo akiwa amesimama kando ya kitanda cha mtoto, na wala sikumkasirikia, maana hesabu yenyewe inaonekana safi. Ila ina kasoro moja: si kweli kwamba mtoto wa kwanza hakukutana na dawa.

Nilipopata mimba ya kwanza nilikuwa natumia paroksetini kwa miaka kadhaa. Ni dawa ya kundi lile linaloifanya serotonini ikae kwa muda mrefu zaidi kati ya seli za neva. Ndugu zake ni fluoksetini, sertralini, sitalopramu na esitalopramu. Hedhi yangu haijawahi kuwa na ratiba, kwa hiyo sikushtuka ilipochelewa, na nilipokuja kupima kliniki walinihesabia wiki ya tisa. Hesabu ya kliniki huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki mbili kabla mimba haijatungwa. Mtoto mwenyewe alikuwa na umri wa wiki saba hivi.

Na moyo haumsubiri mama apime. Yapata siku ya 22 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi wanaanza tu kujiuliza mbona siku zimepita, mrija mdogo ndani ya kiinitete huwa umeshaanza kudunda. Mrija huo hujikunja, huvimba hapa na pale, kisha kuta huota ndani yake zikitenganisha kulia na kushoto, juu na chini. Njia moja kubwa ya kutolea damu hugawanyika kuwa mishipa miwili, mmoja wa kwenda mapafuni, mwingine wa kwenda mwili mzima. Kufikia wiki ya nane ya umri wa mtoto, kazi kubwa ya ujenzi imekwisha. Moyo una vyumba vyake vinne na vali zake, na kinachobaki zaidi ni kukua, pamoja na kijinjia kimoja kati ya vyumba vya juu kinachoachwa wazi kwa makusudi mpaka mtoto avute pumzi ya kwanza.

Kwa hiyo siku niliyoambiwa "acha hizo dawa leo leo", moyo wa mwanangu wa kwanza ulikuwa umeshajengwa karibu wote, na muda wote huo paroksetini ilikuwa kwenye damu yangu. Dawa hizi hupita kwenye kondo la nyuma, hakuna anayebisha hilo. Kwa upande wa moyo, basi, wanangu wote wawili walikutana na dawa. Tena aliyekutana na ile inayotiliwa shaka kuliko nyingine ndiye mwenye moyo usio na dosari. Hilo nalo halithibitishi kwamba paroksetini ni salama. Watoto wawili hawatoshi kuthibitisha chochote, na ndiyo maana nimeamua kuandika.

Turudi kwenye kuacha. Sikupunguza dozi polepole. Nilifunga kopo nikaliweka juu ya kabati. Paroksetini hutoka mwilini haraka, na mwili ulioizoea huidai. Ndani ya siku chache nilipata kizunguzungu, jasho la usiku, mishtuko ya ghafla kichwani kila nikigeuza macho, na kichefuchefu ambacho kila mtu alisema ni cha mimba. Hayo yalipita. Kilichofuata ndicho kizito. Usingizi ulianza kukatika saa nane usiku na kutorudi. Chakula kikakosa maana. Siku za kliniki nilikuwa navaa, nakaa kitandani na viatu miguuni, saa zinapita, navua. Mimba ilipofika mwezi wa sita nilishaamini kwamba mtoto huyu angefaa apate mama mwingine, na mawazo hayo yalipoanza kuwa na mpango, mume wangu alinipeleka hospitali usiku. Hapo ndipo nilipokutana na daktari wa magonjwa ya akili ambaye ananitibu mpaka leo.

Kitu cha kwanza alichonieleza, nilipoweza kusikiliza, ni kwamba sikuwa wa ajabu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia wajawazito 201 ambao sonona yao ilikuwa imetulia kwa dawa. Walioacha dawa, asilimia 68 waliugua tena kabla ya kujifungua. Walioendelea, asilimia 26. Yaani dawa haikumkinga kila mtu, ila pengo kati ya makundi hayo si dogo, na mimi niliangukia upande wa wengi.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 36, mwepesi kuliko ilivyotakiwa. Inajulikana kwamba sonona isiyotibiwa wakati wa mimba huambatana na watoto kuzaliwa kabla ya muda na uzito mdogo. Mama halali, hali vizuri, hahudhurii kliniki, wengine huishia kwenye sigara au pombe ili siku ipite. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ndilo lililomleta mapema. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna hata mmoja, wa nyumbani wala wa kliniki, aliyewahi kuniuliza kama ugonjwa ulimdhuru mtoto. Dawa ilihojiwa tangu siku ya kwanza. Ugonjwa haukuulizwa hata jina. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama asilimia 10 ya wajawazito duniani, na asilimia 13 ya waliojifungua karibuni, wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Na bado mtu anaweza kuhudhuria kliniki miezi yote bila kuulizwa kama analala.

Baada ya hapo tulikaa miaka mitatu bila kuthubutu. Tulipoanza kuzungumzia mtoto wa pili, nilikwenda kwa daktari kabla ya mimba, na hiki ndicho kitu pekee ninachokisisitiza bila aibu kwa kila mwanamke anayetumia dawa hizi. Mazungumzo yakianza baada ya kipimo kuonyesha mistari miwili, ujenzi wa moyo wa mtoto mara nyingi umeshaanza, na kwa wengine umeshakaribia kukamilika. Tuliongea mara nyingi, na mimi nilikuwa na maswali ya mtu aliyeungua.

Nilitaka kwanza kujua shaka hii imetoka wapi. Nilidhani ni uvumi. Kumbe ina mizizi. Serotonini tunaisikia kama kemikali ya hisia, ila mwilini ina kazi nyingi, na sehemu kubwa yake haipo hata kwenye ubongo, ipo utumbo. Kwenye kiinitete ni moja ya ishara zinazoziongoza seli: zigawanyike wapi, zihamie wapi, hasa kwenye zile tishu laini zinazozaa vali na kuta za moyo. Mwaka 2000 watafiti walieleza kuhusu panya waliotengenezwa bila kipokezi kimoja cha serotonini. Wengi walikufa wakiwa tumboni au punde baada ya kuzaliwa, mioyo yao ikiwa na hitilafu. Kwa hiyo anayeuliza kama dawa inayogusa serotonini inaweza kugusa moyo wa mtoto anauliza swali zuri. Panya aliyenyimwa kipokezi kizima si sawa na mtoto ambaye mama yake anameza kidonge, lakini swali lina haki ya kujibiwa.

Kisha ikaja 2005. Mwaka huo takwimu kutoka daftari la vizazi la Sweden zilionyesha kwamba watoto wa wanawake waliotumia paroksetini mwanzoni mwa mimba walikuwa na hitilafu za moyo kwa kiasi cha asilimia 2, dhidi ya asilimia 1 kwa watoto wote. Takwimu za Marekani zilitoa asilimia 1.5 dhidi ya 1. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikatoa tahadhari, na Desemba paroksetini ikashushwa kutoka daraja C hadi daraja D katika ule mfumo wa herufi wa dawa za wajawazito. Mfumo wenyewe ulianza kuondolewa mwaka 2015 na nafasi yake kuchukuliwa na maelezo, na mimi nasema heri, maana herufi D humtisha mama bila kumwambia hatari ni ya kiasi gani.

"Mara mbili." Ndivyo nilivyosoma mahali, na maneno hayo mawili yalininyima usingizi kuliko mimba yenyewe. Daktari alichukua karatasi akaandika 1 kati ya 100, chini yake 2 kati ya 100. Akauliza, "Sasa niambie, kati ya hao mia wa chini, wangapi hawana tatizo?" Tisini na nane. Sikufurahi, ila nilitulia kidogo. Mtoto mmoja wa ziada kati ya mia si jambo la kupuuza kama ndiye wako. Lakini ni kitu tofauti na picha niliyokuwa nayo, ya kwamba kila kidonge kinatoboa moyo.

Halafu akanipeleka mbali zaidi, mahali ambapo nakiri ilinichukua muda kuelewa. Ukilinganisha wanaotumia dawa za sonona na wanawake wengine wote, hulinganishi dawa na kutokuwa na dawa. Unalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Wenye sonona, kwa jumla, wana sigara nyingi zaidi, kisukari zaidi, unene zaidi, dawa nyingine zaidi. Kisukari cha kabla ya mimba chenyewe ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za hitilafu za moyo. Tena watoto wao huchunguzwa zaidi: mama akisema alikuwa kwenye dawa, mtoto hupelekwa kipimo cha moyo ambacho jirani yake hapelekwi. Anayemulika tochi kila pembe ya nyumba huona mende wengi kuliko asiyewasha taa.

Watafiti walilijua hilo, wakaanza kutafuta njia za kulikwepa. Mwaka 2014 ulitoka uchunguzi wa mimba karibu 950,000 za wanawake wa Marekani waliokuwa kwenye bima ya serikali ya Medicaid. Zaidi ya 64,000 kati yao walitumia dawa za sonona miezi mitatu ya mwanzo. Hesabu ghafi: hitilafu za moyo 90 kwa kila watoto 10,000 kwa waliotumia, 72 kwa wasiotumia. Walipowalinganisha wenye sonona kwa wenye sonona, pengo likapungua. Walipozingatia na magonjwa mengine na mambo mengine yote waliyoweza, pengo la kundi hili la dawa likabaki dogo kiasi cha kutotofautishwa na bahati nasibu.

Denmark walikuja na njia ya werevu zaidi, mwaka 2012. Waliwatafuta wanawake waliokuwa wanatumia dawa hizi, wakaziacha kabla ya mimba na kuzirudia baada ya kujifungua. Kama dawa ndiyo inayoharibu moyo, watoto wa hawa walipaswa kuwa kama watoto wengine. Haikuwa hivyo. Wote wawili, aliyemeza na aliyepumzika, walikuwa na kiwango kinachokaribiana, takriban mara mbili ya wanawake ambao hawakutumia. Kitu fulani kilikuwa kinawafuata wanawake hawa ambacho hakikuwa ndani ya kidonge.

Na 2015 nchi tano za kaskazini mwa Ulaya, yaani Denmark, Sweden, Norway, Finland na Iceland, ziliunganisha takwimu za watoto milioni 2.3. Kwa ujumla, waliokutana na dawa za kundi hili walikuwa na hitilafu za moyo kwa asilimia 15 zaidi. Wakaingia ndani zaidi wakawalinganisha ndugu kwa ndugu: mama mmoja, mtoto mmoja kwenye mimba ya dawa na mwingine bila dawa. Nyongeza ile ikatoweka. Nilipousoma niliwafikiria wanangu, nikacheka peke yangu, kwa sababu wasingeingia hata kwenye hesabu ya ndugu. Wote wawili wangehesabiwa upande mmoja, wa waliokutana na dawa mwanzoni mwa mimba. Ulinganisho wa shangazi usingepita kwenye mlango wa watafiti.

Sitaki mtu asome hapa akatoka na imani kwamba hakuna shaka yoyote iliyobaki. Mwaka huohuo wa 2015 utafiti mwingine wa Marekani uliendelea kuona uhusiano kati ya paroksetini na fluoksetini na hitilafu chache mahususi, mojawapo kubanwa kwa njia ya damu inayotoka moyoni kwenda mapafuni: kutoka watoto 10 kati ya 10,000 hadi 24 kwa paroksetini. Sertralini, iliyotumiwa na wanawake wengi kuliko hizo, haikuonyesha uhusiano waliokuwa wakiutafuta. Ndiyo maana madaktari wengi hawampi mwanamke anayepanga kuzaa paroksetini kama chaguo la kwanza, na ndiyo maana mimi nilihamishwa kwenda sertralini.

Nilihamishwa kabla ya mimba, hilo ni muhimu. Tulipunguza moja polepole huku tukiingiza nyingine, tukasubiri miezi nione kama sonona inatulia kwa dawa mpya, ndipo tukaacha uzazi wa mpango. Kubadilisha katikati ya mimba maana yake mtoto anakutana na dawa mbili badala ya moja, na mama yuko kwenye hatari ya kuporomoka katikati ya mabadiliko. Nikaanza na asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku, ambayo inamhusu kila anayepanga mimba, mwenye sonona na asiye nayo.

Mimba ya pili sina mengi ya kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Nilikula. Nililala. Nilihudhuria kila kliniki. Mwishoni dozi iliongezwa kidogo, kwa sababu mimba ikikua damu huongezeka na ini huzisaga baadhi ya dawa haraka zaidi, hivyo dozi ileile hufanya kazi pungufu; ndugu walishangaa, walitegemea ningekuwa napunguza. Wiki ya 20 nilifanyiwa kipimo cha moyo wa mtoto kwa mawimbi ya sauti, na mtaalamu akaonyesha vyumba vinne, vali, mishipa miwili ikipishana inavyotakiwa. Alisema jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja: kipimo hiki huona hitilafu kubwa, matundu madogo hukipita.

Mtoto alizaliwa kwa muda wake. Siku mbili za mwanzo alikuwa anatetemeka, analia kwa sauti kali, ananyonya kwa shida. Wakunga walishaambiwa mapema, na hakuna aliyetaharuki. Hali hii huwapata hadi karibu theluthi ya watoto waliokutana na dawa hizi mpaka mwisho wa mimba, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Walimwangalia pia upumuaji, kwa sababu kuna tatizo jingine, la adimu: mishipa ya mapafu kukataa kulegea baada ya kuzaliwa, damu isipite vizuri kuchukua oksijeni. FDA ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2006, kisha 2011 ikasema ushahidi unapingana na haiwezi kuhitimisha. Mwaka 2015 hesabu ya mimba karibu milioni 3.8 ilitoa watoto 21 kwa kila 10,000 kwa wasiotumia dawa za sonona na 32 kwa waliotumia za kundi hili, na tofauti hiyo nayo ilipungua sana baada ya kuzingatia mambo mengine. Wangu alipumua vizuri.

Tundu lilisikika kwanza, ndipo likaonekana. Kwenye ukaguzi wa wiki chache, daktari wa watoto aliweka kipimo chake kifuani, akakaa kimya, akahamisha, akarudisha. Mvumo kati ya pigo na pigo. Siku mtoto anapozaliwa shinikizo la mapafuni bado liko juu, kwa hiyo damu haina sababu ya kukimbilia upande ule. Likishuka, damu ya kushoto hupenya kwenye tundu kwa kasi na kutoa sauti. Matundu madogo mara nyingi ndiyo yenye kelele zaidi. Nilielezwa hayo baadaye. Wakati ule nilisikia neno "moyo" tu, na miguu ikaisha nguvu.

Kwa daktari bingwa wa moyo wa watoto niliuliza swali langu kabla hata hajawasha mashine: ni vidonge? Hakuninyamazisha wala hakunibembeleza. Alimaliza kupima, akanionyesha mahali penyewe, tundu dogo kwenye sehemu ya nyama ya ukuta kati ya vyumba vya chini. Akasema aina hii ndiyo hitilafu ya moyo anayoiona mara nyingi kuliko zote, na anaiona kwa watoto wa akina mama ambao hawajawahi kumeza hata dawa ya maumivu. Kwa mtoto mmoja, hakuna kipimo duniani kinachoweza kutaja chanzo.

Kisha akanipa takwimu ambayo nimeibeba tangu siku hiyo. Miaka ya tisini nchini Israel watafiti waliwapima kwa mawimbi ya sauti watoto wachanga zaidi ya 1,000, bila kuchagua wenye dalili. Karibu 5 kati ya kila 100 walikuwa na tundu la aina hiihii, na mengi sana yalijifunga katika miezi ya mwanzo bila mtu kufanya lolote. Tano kati ya mia! Halafu tunaambiwa hitilafu za moyo ni kama moja kati ya mia. Zote mbili ni kweli. Inategemea nani amepimwa na nani hakupimwa. Kama mwanangu angekuwa na mama asiye na neno "sonona" kwenye faili lake, na siku ile daktari wa watoto ana haraka, huenda tundu lingejifunga bila mimi kujua kwamba liliwahi kuwepo.

Lilifunga kabla hajatimiza miaka miwili. Alinyonya kipindi chote hicho nami nikiendelea na sertralini, ambayo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno.

Watu huniuliza kama ningejua kuhusu tundu mapema, ningeacha dawa. Nisingeacha. Nimeziishi mimba zote mbili. Ile ya kwanza, ambayo wengi wanaiita safi, ndiyo iliyokaribia kutuondoa duniani mimi na mtoto. Lakini jibu hilo ni langu kwa sababu sonona yangu ni nzito na hurudi. Kuna wanawake ambao yao ni nyepesi, wamekuwa wazima muda mrefu, na wakipanga na daktari wanaweza kupunguza taratibu kabla ya mimba na kutegemea tiba ya mazungumzo. Nawafahamu, na wako salama.

Na tafadhali, tusiziweke dawa zote za akili kwenye kapu moja. Sodiamu valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, huambatana na kasoro za kuzaliwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, ikiwemo ya uti wa mgongo, na huathiri uwezo wa kujifunza. Hiyo ni daraja nyingine kabisa ya hatari. Lithiamu, dawa nyingine ya ugonjwa huo wa hisia, nayo imehusishwa na hitilafu za moyo wa mtoto. Nimeshaona watu wakizitaja hizo na sertralini katika pumzi moja, mtu mmoja anatishika bure na mwingine anatulizwa pasipostahili.

Karibuni rafiki yangu alinipigia usiku. Amepima, ana mimba, kliniki inamhesabia wiki ya sita, na yuko kwenye fluoksetini. Kopo analo mkononi, yuko msalani, anataka kulimwaga. Nilimwambia alirudishe kabatini, ameze ya kesho kama kawaida, na kukipambazuka ampigie daktari wake kabla ya kumpigia ndugu yeyote. Aliniuliza kama ahamie kwenye sertralini kama mimi. Nilimwambia hilo silijui mimi. Daktari alimwachia fluoksetini ileile: sertralini alishaitumia zamani na ikamshinda, na fluoksetini ndiyo iliyomtuliza miaka yote hii. Amepangiwa kipimo cha moyo wa mtoto wiki ya 20, na safari hii mkunga wake na daktari wa akili wana nakala ya mpango mmoja.